Kisima cha Mpakani

"Mama, usigeuke. Na akikusalimia, usiitikie."

Ukimwambia mwanamke wa umri wangu asigeuke, umeshamgeuza. Nikageuka.

Viti vichache kutoka vyetu, chini ya mwavuli wa bluu uliopauka kwa jua, alikuwa ameketi Bomba. Amevaa kaptula! Sikuwahi kuwaza kwamba mtu yule ana magoti. Miaka yote ya ujirani wetu nilimwona ndani ya ovaroli na buti, upande wa pili wa seng'enge, na mara nyingi akiwa amenipa mgongo. Alipotuona akainuka nusu, akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akakaa tena kama mtu aliyekaribia kufanya kosa.

"Hoteli zote za pwani hii," binti yangu alisema kwa hasira, akiendelea kunipaka losheni mgongoni kama anasugua sufuria. "Hoteli zote, yeye achague hii hii!"

"Labda na yeye anapumzika."

"Mtu kama yule hapumziki, Mama. Ndiye aliyemuua baba."

"Baba yako aliuawa na moyo wake."

"Na moyo wake uliuawa na nani?"

Nikafungua mdomo. Binti yangu ni daktari wa meno. Amezoea watu waliofungua midomo bila kusema kitu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, na huyu Bomba walikuwa wazalishaji wadogo wa mafuta. Visima vyetu vichache huku, vya Bomba vichache kule, na seng'enge katikati. Kampuni kubwa zilishapita eneo lile zamani, zikavuta ya kwao na kuondoka zikisema yaliyobaki hayastahili usumbufu. Kwetu yalistahili. Yalimsomesha huyu binti mpaka akawa daktari. Lakini mafuta yaliyo chini ya ardhi hayajui seng'enge. Mmoja alipochimba karibu na mpaka, mwingine naye akachimba mkabala wake, na kuanzia hapo ikawa kama watoto wawili wenye mirija kwenye chupa moja ya soda. Kila mmoja anavuta mashavu yakimwingia ndani, anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ugomvi huo ulimzeesha mume wangu. Alipofariki nikaushika mimi, na wafanyakazi wakaanza kuniita Mama Kisima.

Likizo ile ilikuwa wazo la shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayeshughulikia mauzo yetu. "Shemeji, umechoka," aliniambia. "Nenda ukaangalie maji yasiyo na mafuta ndani yake." Nikaona ana huruma.

Asubuhi ya pili niliamka kabla ya binti yangu, nikashuka ufukweni peke yangu. Nilimkuta Bomba amepiga magoti mchangani mbele ya bomba la hoteli la kunawia miguu, mikono imelowa mpaka viwikoni, amekodoa macho kama mganga anayetafuta ugonjwa.

"Hata likizo humwachii fundi wa watu kazi?" nilimuuliza.

Aligutuka. "Linavuja. Chumba changu ni kile pale. Nalisikia."

"Si ungeomba chumba kingine?"

"Ningekuwa huko nikijua kwamba linavuja."

Nikacheka. Hakuna aliyenituma nicheke. Kicheko kilitoka chenyewe, na kilipotoka kikanishtua, maana kilikuwa hakijatoka muda mrefu. Bomba aliacha kazi akaniangalia. Uso wake ulikuwa umeungua na jua la mitamboni, lakini macho yalikuwa laini, ya mtu anayeomba samahani kabla hajajua kosa.

"Nakupa pole ya mumeo," alisema. "Msibani sikuja. Nilifika mpaka getini, nikasikia binti yako analia, nikarudi."

"Ulifanya vizuri. Angekutupia kiti."

"Ningekistahili."

Tulitembea. Sijui nani alianza. Maji yalikuwa yamerudi mbali, mchanga mgumu chini ya nyayo, na mbele yetu kaa wadogo wakikimbilia mashimo yao kama wadaiwa. Hatukuzungumzia bahari hata kidogo. Wengine ufukweni wanaambiana habari za mawingu. Sisi tulizungumza habari za presha ya visima.

"Unajua kosa letu kubwa, mimi na mumeo?" aliuliza.

"Vichwa vigumu."

"Hivyo tulizaliwa navyo. Nazungumzia tulichokifanya." Alisimama, akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. "Bei ilipopanda, tulifungua visima mpaka mwisho ili tuwahi. Bei iliposhuka, tukafungua mpaka mwisho ili tufidie. Niambie, Mama Kisima. Kuna siku yoyote tulifunga?"

Nikatikisa kichwa.

"Haikuwepo. Ndiyo maana maji yakaingia. Kisima ukikivuta kwa pupa, mafuta yanabaki nyuma na maji yanakuja mbele. Kwangu viwili vimekufa hivyo. Kwenu?"

"Kimoja," nilisema. Siri hiyo ilikuwa ya kampuni. Niliitoa kama mtu anayetoa jiwe kwenye kiatu.

"Na kosa la pili. Lori la mnunuzi lilipokuja kwangu, dereva aliniambia jirani yako kapunguza bei. Nikapunguza."

"Kwetu alisema wewe ndiye uliyepunguza!"

"Najua. Nimekuja kujua mumeo akiwa kaburini. Mara moja alinitumia mtu, akapendekeza tujenge tangi moja, tuuze kwa sauti moja. Nilimjibu kwa kuchimba kisima."

Alisema maneno hayo bila kujitetea, na upepo ukayachukua. Nilitaka kumkasirikia. Nilijitahidi kweli. Hasira ikakataa kuja.

Asubuhi iliyofuata nilivaa gauni langu la kijani nikajiambia ni kwa sababu ya joto. Na iliyofuata nikajiambia hivyo hivyo. Kila siku tulitembea mpaka kwenye mawe ya mwisho wa ufukwe, tukakaa, tukarudi kabla binti yangu hajamaliza kifungua kinywa. Alinieleza kuhusu mkewe, aliyeondoka zamani kwa kuchoka na harufu ya mafuta ghafi kwenye mashuka. "Sikumlaumu," alisema. "Hata mimi naisikia." Nilimweleza jinsi ninavyokaa mezani peke yangu jioni, redio ikiwa imewashwa, ili nyumba isikike ina mtu.

Siku moja tukiwa kwenye mawe yale nikamtania. "Miaka yote hukuwahi hata kunipungia mkono. Nikipanda ngazi ya tangi kupima kina, wewe unanipa mgongo. Nilikuwa nasema jirani gani huyu, ana roho ya kutu."

Hakucheka. Alishika kandambili yake, akaikung'uta mchanga ambao haukuwepo.

"Haikuwa roho mbaya," alisema hatimaye. "Mke wa mtu haangaliwi vile nilivyokuwa nataka kukuangalia. Nikaona bora nigeuke."

Nilikosa pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye mkono wake uliokuwa juu ya jiwe, mkono mpana wenye makovu, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukakaa juu yake. Alishusha pumzi. Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, moyo ulinienda mbio kama wa msichana aliyetoroka bweni.

Ndipo niliposikia: "Mama!"

Binti yangu alikuwa amesimama mchangani, taulo begani, uso umemkauka.

Tulirudi chumbani. Alifunga mlango, akauegemea.

"Baba hajakauka kaburini."

"Ni mwaka wa tatu, mwanangu."

"Kwangu hajakauka! Na umemshika mkono mtu yule! Mama, fikiri. Miaka yote amejaribu kuyavuta mafuta yetu kwa pampu, ameshindwa. Sasa anayavuta kwa pete."

Maneno yale yaliniingia. Si kwa sababu yalikuwa ya matusi. Yaliniingia kwa sababu kichwani mwangu, usiku, niliwahi kuyasikia yakinong'ona, nikayafunika na shuka.

"Auntie zako nao watasema hivyo," nilisema.

"Watu wote watasema hivyo. Uza, Mama. Mwachie Baba Mdogo amalize hilo jambo, uje ukae kwangu. Wajukuu wanakutaka."

"Amalize jambo gani?"

Akauma mdomo. Nikamkazia macho, yale macho ambayo tangu akiwa mdogo hawezi kuyapita. Ikamtoka: shemeji yuko njiani na mwakilishi wa kampuni kubwa. Likizo yote ilipangwa kwa ajili hiyo. Nilegezwe na upepo wa bahari, kisha niwekewe kalamu mkononi.

Nilitoka chumbani bila viatu. Bomba alikuwa bado kule kwenye mawe. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya pete, maana sikutaka yaoze ndani yangu.

"Niambie machoni pangu," nilisema. "Ni mimi unayenitaka au ni upande wangu wa seng'enge?"

Aliinuka polepole. Niliona nimemuumiza, na sikurudi nyuma.

"Nitauza upande wangu," alisema. "Kesho. Nitabaki na kaptula hii. Hapo hakuna atakayesema kitu."

"Nani amekuomba uuze?"

"Nataka binti yako aone..."

"Binti yangu ataona nini? Utauzia nani, kama si hao hao? Halafu mimi nibaki na jirani mwenye mitambo kama mji, anikaushe kabla ya mvua! Hilo ni kosa lile lile, Bomba. Unakimbilia kufanya jambo kubwa bila kumuuliza mtu wa upande wa pili."

Nikamwacha amesimama hapo, nikaondoka nikikanyaga mchanga kwa visigino. Wanaume! Mmoja anataka kuniuza, mwingine anataka kujiuza, na hakuna aliyekaa chini akaniuliza ninachotaka.

Shemeji alifika kabla ya chakula cha mchana. Aliketi barazani pa hoteli akiwa na kijana aliyevaa suti na viatu vilivyojaa mchanga. Kila baada ya muda kijana alikuwa anakunja vidole vya miguu, anateseka kimyakimya. Binti yangu alikaa pembeni, hakuniangalia.

"Shemeji, umependeza! Bahari imekukubali," shemeji alianza kwa sauti ya sherehe. "Huyu mgeni wetu amekuja na habari njema tu. Wewe utaweka sahihi, mengine niachie."

Karatasi ilisukumwa mbele yangu. Niliisoma. Mafuta yetu yote, ya miaka ijayo, kwa mnunuzi mmoja, kwa bei moja, ipande dunia ishuke dunia, na uendeshaji wa visima uwe mikononi mwao.

"Mama yangu," kijana alisema kwa upole wa kufundishwa, "wazalishaji wadogo hukosea jambo moja tu. Hawajui wakati wa kutoka."

"Kweli tunakosea, mwanangu. Lakini hilo silo." Nilimgeukia mhudumu aliyekuwa anapanga glasi. "Samahani, baba. Niitie yule mzee wa mwavuli wa bluu."

"Shemeji, wa nini tena huyo?" shemeji aliuliza.

"Shahidi."

Bomba alikuja. Alisimama kando ya meza, kofia mkononi, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Mimi pia sikumkaribisha. Bado nilikuwa nimemkasirikia. Nikatoa simu, nikampigia msimamizi wetu wa visima, nikaiweka mezani kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Mama Kisima! Habari za likizo?"

"Nzuri. Kisima cha mpakani kinaendaje?"

"Kinakimbia, mama! Hakijawahi kutoa hivi."

"Kifunge."

Nyuma yake nilisikia mitambo ikinguruma. "Mtandao huku mbovu, mama. Nimesikia kama umesema nifunge."

"Umesikia vizuri. Simamisha pampu, kipumzike."

"Shemeji, una wazimu?" Shemeji alikuwa ameshasimama. "Unafunga kisima bora tulichonacho?"

"Mama," msimamizi alilia kwenye simu, "tukifunga, jirani atatuvuta mpaka atuvute na sufuria za jikoni!"

"Mwache avute."

Nilisema nikiwa sijamtazama Bomba. Nilijua ninachofanya. Kama binti yangu alikuwa sahihi, basi nilikuwa nimemfungulia mwizi mlango mbele ya mashahidi. Lakini nilikuwa nimechoka kuishi na kidole kwenye swichi nikimchungulia mtu wa pili. Lazima mmoja wetu awe wa kwanza kuachia, na nikaona niwe mimi.

"Lakini mama..." msimamizi alisita. "Kwani huna habari? Kwa jirani pampu ya mpakani imesimama. Siku nyingi tu. Siku mbili tatu hivi baada ya ninyi kufika huko baharini, ikazimwa."

"Imeharibika?"

"Ndivyo nilivyodhani, nikashukuru Mungu. Nikamuuliza mlinzi wao. Akasema bosi wao alipiga simu kutoka huko aliko akaamuru ifungwe. Mafundi wake wakambishia mpaka akawafokea. Sababu hakusema. Sasa sisi ndio tunaovuta peke yetu, mama. Ndiyo maana kinakimbia."

Binti yangu alikuwa wa kwanza kugeuza uso kumtazama Bomba. Kisha shemeji. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Bomba alikuwa anaikunjakunja kofia yake kama kijana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Siku zote hizi navuta mafuta yako," nilisema, "unatembea na mimi asubuhi, unanisikiliza, na unanyamaza?"

"Ningesema, ungedhani naomba kitu."

"Na leo, nilipokuuliza kule kwenye mawe? Nilikuuliza waziwazi!"

"Leo ungedhani najitetea."

"Wewe ni mtu mgumu sana."

"Ulishasema. Vichwa vigumu."

Kijana wa kampuni alikohoa. "Mama, tukirudi kwenye mkataba..."

"Mwanangu, pole kwa safari. Ukavue viatu, ukaoge baharini, usirudi bure." Nilimsukumia karatasi yake. "Siuzi. Na shemeji, kuanzia leo mauzo nayashika mwenyewe. Ulinileta huku nilale. Nimeamka."

Shemeji alinitolea maneno mengi siku ile. Alitaja ukoo, akataja jina la kaka yake, akasema wanawake wakiachiwa mali wanaigawa kwa mahawara. Nilimwacha amalize. Alipomaliza alikuwa amebaki peke yake upande wake wa meza, maana kijana alishaondoka na viatu mkononi.

Nikamgeukia Bomba.

"Nisikilize na wewe. Visima vyangu ni vyangu. Hata tukifika wapi, wewe hutagusa pampu yangu bila kuniambia, na mimi sitagusa yako. Tutafungua pamoja, tutafunga pamoja, na lori likija litapewa bei moja. Upande wako huuzi."

"Siuzi."

"Vizuri."

"Na hayo mengine?" aliuliza taratibu.

"Mengine yapi?"

Alijua nimeelewa. Akaweka kofia mezani, akamtazama binti yangu kwanza, si mimi.

"Daktari, sina cha kukulipa kwa ajili ya baba yako. Tulishindana kama wajinga, na yeye ndiye aliyetangulia kutaka amani. Nampenda mama yako. Namuomba mbele yako kwa sababu sitaki umwone tena nyuma ya mawe kama anaiba."

Binti yangu alikuwa na machozi tayari kopeni. "Mama," alisema, "ukimkubali huyu, mimi naondoka leo hii."

Nilimtazama mtoto wangu. Niliona paji la uso la baba yake, kidevu cha baba yake, na ule ubishi wake ambao hakuuchukua kwa baba yake. Tangu azaliwe sikuwahi kumnyima kitu alichokililia. Nikapiga moyo konde.

"Funguo za gari ziko kwenye mkoba wangu, mwanangu. Endesha polepole, barabara ina malori mengi. Nakupenda kuliko chochote. Na nimemkubali."

Aliinuka. Kiti kilikwaruza sakafu, kandambili zikapiga ngazi, kisha mlango wa chumba ukafungwa kwa nguvu kule juu. Kila kiungo mwilini mwangu kilitaka kumkimbilia. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili nikabaki pale nilipokaa, na sikuyafuta machozi yangu, maana sikuwa na sababu ya kuyaficha. Bomba alivuta kiti akakaa karibu yangu. Hakunigusa. Alikaa tu.

Muda si mrefu sauti ikatoka mezani, ya mtu anayejaribu kutosikika kwamba amesikia yote.

"Mama Kisima? Bado nipo hewani. Samahani. Nilitaka kujua tu... nifunge sasa hivi, au nisubiri harusi?"

"Funga sasa hivi," nilisema. "Harusi utaitwa."